Mfuko wa Mwisho wa Sikudhani

Jumatano, Makuyuni. Mvua ilianza alfajiri ikakatika saa nne, na tangu hapo mbingu imenuna tu. Cherehani iko wazi mbele yangu na sijashona hata pindo moja.

Wanaopita kwenye ukurasa huu wamezoea habari za vitambaa: namna ya kukata mkono wa gauni usibane kwapani, au kwa nini kitenge kipya kifuliwe kabla ya kukatwa. Leo sina habari za vitambaa. Nina habari ya uzi, na si ya kumfundisha mtu.

Naandika kwa sababu nimeshindwa kusema.

Nianze na sisi ni akina nani. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na tano sasa. Mume wangu ni mlinzi kule Hale, huja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Siku nyingine zote nyumba hii ni ya watu wawili, mimi na mama mkwe wangu, ambaye namwita mama tu. Alihamia kwetu kutoka Kwamsisi, Handeni, baada ya baba mkwe kufariki. Alikuja na sanduku la bati, mkeka, na ng'ombe.

Ng'ombe aliitwa Sikudhani. Marehemu baba mkwe ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa ng'ombe aliyemzaa alikuwa mzee na hakuna aliyetegemea kwamba angezaa tena. Alikuwa chotara wa kahawia, mwenye baka jeupe begani. Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, watu anawatambua kwa sauti na mwendo, lakini Sikudhani alimkamua mwenyewe asubuhi na jioni, kwa mikono iliyojua njia. Alikuwa akimsemesha Kizigua muda wote wa kukamua. Nadhani ni yale ambayo zamani alimwambia mumewe. Sikuwahi kuuliza.

Kazi yangu mimi ilikuwa chakula. Kufungua mfuko wa pumba, kupima ndoo, kumimina kihorini. Kazi ya dakika tano, na naona aibu kwamba ndiyo niliyoiharibu.

Nieleze jinsi nilivyokuwa nikifungua mifuko, maana kila kitu kimetoka hapo.

Fundi cherehani akitaka kufumua mshono, hachukui mkasi. Anachukua wembe. Unakata kila baada ya mishono mitatu, unavuta vitambaa viachane, halafu unapuliza vile vipande vya uzi viruke. Ukishafanya hivyo miaka kumi na tano, mkono unakwenda wenyewe huku unaongea na mteja. Cherehani yetu inashona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa chini, zikikabana, na mshono wake haufumuki kwa kuvuta. Ukivuta utachana kitambaa. Hilo ndilo nililofundishwa siku ya kwanza, na ndilo ninalowafundisha wengine.

Basi mfuko wa pumba nao niliufungua hivyo hivyo. Wembe, mishono mitatu, wembe, mishono mitatu, kuvuta, kupuliza.

Nilikuwa napuliza vipande vya uzi huku mdomo wa mfuko uko wazi chini ya kidevu changu. Kila wiki, kwa zaidi ya miaka miwili. Ukinionyesha mwanafunzi anayefanya upuuzi kama huo karibu na gauni la harusi nitamfukuza kwenye kibaraza.

Na usidhani sikuambiwa.

Pumba tulinunua Korogwe mjini, kwa Mzee Amirali, nyuma ya soko. Ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Korogwe, duka lilikuwa la baba yake. Kishambaa anakisema vizuri kiasi kwamba akina mama wanaoshuka na mboga kutoka milimani humtania kwamba wamtafutie shamba huko kwao. Mifuko yake anaijaza na kuishona mwenyewe na watu wake, kwa nyuzi mbili, nyekundu na nyeupe. Ukiona mfuko umeshonwa hivyo, iwe Makuyuni iwe Handeni, unajua umetoka kwake.

Mwaka jana nilikuwa dukani, nikataka kuona pumba kabla ya kubeba. Nikatoa wembe. Mzee Amirali akasema, "Weka wembe, fundi. Huu uzi unafunguka wenyewe. Njoo nikuonyeshe."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee, kwenye pumba nifundishe, kwenye uzi niachie mimi."

Watu waliokuwepo wakacheka pia. Yeye akatabasamu, akaondoka kumhudumia mwingine. Nilirudi nyumbani nimefurahi na jibu langu.

Mwezi uliopita Sikudhani alianza kuacha chakula. Kwanza alinusa tu ndoo akageuza kichwa. Kisha akaacha kucheua. Tumbo likajaa upande wa kushoto, likapungua, likajaa tena, na mavi yakawa machache na makavu. Mtaalamu wa mifugo alikuja mara tatu, akamchoma sindano, akamnywesha dawa na mafuta ya kula. Maziwa yalipungua hadi kikombe, kisha yakakauka. Mama aliendelea kwenda na chombo chake cha kukamulia asubuhi na jioni. Alikuwa anakaa tu pale, amemwekea mkono ubavuni.

Siku ya kumi na moja alianguka kabla ya jua kuchomoza. Mama aliniita nikamwite jirani mwanaume aje amchinje haraka, angalau asife mzoga. Nilikimbia na kanga moja. Tuliporudi na kisu alikuwa amekwishakata roho.

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anamfunga macho kama mtu.

Mtaalamu akasema kabla ya kumfukia ampasue tujue kilichomuua, isije ikawa ni ugonjwa wa kuambukiza. Majirani walikuwa wamejaa. Alipofungua lile tumbo kubwa, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa bonge. Lilikuwa kubwa kuliko ngumi zangu mbili, limekazana, linanuka vibaya. Akalimwagia maji ya ndoo. Rangi zikatokea.

Nyekundu na nyeupe.

Kulikuwa na vijisehemu vya mfuko wenyewe humo, lakini hasa zilikuwa nyuzi. Jirani mmoja akasema kwa sauti, "Uzi wa Mzee Amirali huo." Mwingine akasema ndiyo, Wahindi wanafagia sakafu ya mashine ya kukoboa wanajaza mifuko. Mama akaomba apewe lile bonge. Akalishika kwa mikono miwili, akalisogeza karibu kabisa na macho yake, akageuka upande zilikokuwa sauti za watu.

"Mmeona wenyewe," alisema. "Mzee Amirali ameniulia ng'ombe."

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka kwake. Kipande kimoja kilikuwa kimeng'oka kikaanguka kwenye kiatu changu. Nikainama kukiokota. Ncha zake zilikuwa safi huku na huku, zimekatwa kwa wembe, na urefu wake ulikuwa wa mishono mitatu. Kazi ya mkono wangu naijua hata ukiniletea gizani.

Nilikifumba kiganjani, nikanyamaza.

Nimejaribu kujieleza kwa nini. Siku hiyo nilijiambia kwamba si wakati wake, mama ana msiba. Kesho yake nilijiambia mtaalamu ataeleza. Siku ya tatu watu walikuwa wameshasema mengi mno kiasi kwamba ukweli wangu ungeonekana kama uongo wa kumtetea mwenye duka. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, siku baada ya siku, na kila siku ilikuwa na sababu yake nzuri.

Sababu halisi ni fupi. Nilimwogopa mama. Na niliona haya kwamba fundi wa nyuzi ameua ng'ombe kwa uzi.

Habari ilifika Kwamsisi kabla hatujamaliza kushindilia udongo. Kikundi cha akina mama wa hapa wenye ng'ombe wa maziwa kilikaa, kikakubaliana kuagiza pumba kutoka Handeni, ingawa ni mbali na lori halina siku maalumu. Sokoni Korogwe watu walikuwa wakimwonyesha Mzee Amirali kwa vidole. Nilisikia yote haya hapa kibarazani, nikiwa nimeinamia cherehani, na wateja wangu wakaniambia pole. Nilizipokea pole zote.

Leo ni wiki ya tatu. Asubuhi mama aliniambia kwamba kesho ataka nimpeleke ofisi ya kata akamshitaki Mzee Amirali, ili asije akaua ng'ombe wa mwingine. Alisema hivyo kwa upole, akiwa anachagua kunde kwa vidole. Hakuwa na chuki. Alitaka tu jambo hili liwe na maana kwa mtu mwingine.

Nikamwambia, "Sawa, mama." Nikachukua mwavuli nikapanda bodaboda kwenda Korogwe. Nilikuwa nimeazimia kumwambia mzee wa watu kila kitu.

Nilimkuta mbele ya duka, nje kabisa, chini ya upenu wa mabati. Ametandika turubai, amekaa kwenye kigoda, amejifunga kitambaa puani. Alikuwa anachekecha pumba. Mfuko mzima mzima, anaumimina kwenye chekecheo kidogo kidogo, anatikisa, anatazama kilichobaki juu, anamimina tena. Kando yake palikuwa na sahani ya bati aliyoweka alivyovipata: kokoto mbili, punje kadhaa za mahindi, mdudu mmoja mkavu. Nywele na nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la pumba. Duka ndani lilikuwa tupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Aa, fundi. Karibu, karibu." Akashusha kitambaa, akakohoa kwa muda mrefu. "Mama mkwe hajambo? Nilitaka kuja kumpa pole. Watu wakaniambia nisithubutu."

Nikamuuliza kwa nini anafanya kazi hiyo mwenyewe, na watu wake wako wapi.

"Watu wanataka kuona," akasema. "Basi waone. Nimewapumzisha wale wengine mpaka mambo yatulie. Mashine nayo nimeizima." Akatikisa chekecheo. "Siku kumi natafuta uzi humu, fundi. Nikiupata nitafunga duka mwenyewe."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mahali palikuwa pazuri, hapakuwa na mtu mwingine, mvua ilikuwa imekatika. Nilifungua mdomo, na nilichosema ni kwamba naomba nione pumba.

Akanyanyuka kwa shida, akanionyesha mifuko iliyopangwa ukutani. "Chagua wowote. Fungua mwenyewe, usije ukasema nimekuchagulia."

Nikauvuta mmoja. Na mkono wangu, huu mkono mpumbavu, ukaingia kwenye pochi ukatoa wembe.

"Weka wembe, fundi."

Maneno yale yale ya mwaka jana. Safari hii sikucheka.

Akaugeuza mfuko, akanionyesha mshono kwa ukucha. Upande mmoja uzi umekwenda mstari mmoja ulionyooka. Upande wa pili una vitanzi vilivyofuatana kama mnyororo. "Mstari ulionyooka ukutazame wewe," akasema. "Halafu anza kulia. Ukianza kushoto utang'ang'ana hadi Magharibi." Akashika mkia wa uzi uliobaki mwishoni kulia, akaukata karibu na mfuko kwa kisu kidogo, akalegeza kitanzi cha kwanza kwa ukucha. Akapata nyuzi mbili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Akazivuta.

Mshono wote ukafunguka toka mwanzo hadi mwisho, kwa mvuto mmoja. Hata sauti yake ilikuwa ndogo. Mfuko ukabaki mzima, mdomo wake haujachanika, na yeye ana nyuzi mbili ndefu mkononi, nyekundu na nyeupe, zisizopungua hata unywele mmoja. Hakuna kilichoanguka ndani ya pumba.

Alizikunja kwenye vidole vyake, akanipa. "Akina mama wengine hufungia mchicha," akasema.

Kisha akautazama wembe wangu, ambao bado nilikuwa nimeushika.

"Yule ng'ombe," akasema polepole. "Wanasema tumboni kulikuwa na vipande."

"Ndiyo, mzee."

"Vipande," akarudia.

Nilingoja aseme. Naapa nilitamani aseme yeye, anitukane, awaite watu. Alijifunga tena kitambaa chake puani, akarudi kwenye kigoda, akaendelea kuchekecha pumba ambazo sasa alijua hazina uzi. Mzee aliyefanya biashara miaka yote ile hamwambii mteja aliyefiwa kwamba mkosaji ni yeye. Au labda alikuwa ananipa nafasi. Sijui. Nilimuaga, akaitika, nikaondoka na nyuzi zake mkononi.

Kwa hiyo pale nako nilishindwa. Nimeandika hivyo ili nisije baadaye nikajisimulia vingine.

Nyumbani nilimkuta mama amekaa penye zizi, kwenye gogo lake la siku zote. Zizi tumelifagia, hakuna kitu. Amezoea kukaa hapo saa za kukamua.

Kuna mfuko mmoja wa pumba ulikuwa umebaki stoo. Niliununua wiki ile Sikudhani alipoanza kuumwa na sikuwahi kuufungua. Kila nilipoingia stoo niliukwepa kwa macho. Leo niliuburuta hadi mbele ya mama, nikakaa chini kwenye udongo.

"Nini hicho?" akauliza.

"Mfuko wa mwisho wa Sikudhani, mama."

Nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya mshono. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Wembe. Mishono mitatu. Kupuliza. Nilimwambia kuhusu kipande kilichoanguka kwenye kiatu changu na kwamba niliona ncha zake. Nilimwambia Mzee Amirali alitaka kunionyesha mwaka jana nikamcheka mbele za watu. Nilimwambia leo nimemkuta nje ya duka anachekecha pumba, mfuko kwa mfuko, akitafuta uzi. Nilisema bila kupumzika kwa sababu nilijua nikipumzika nitaacha.

Vidole vyake vilikuwa vinapita juu ya vile vitanzi, kwenda na kurudi.

"Nionyeshe," akasema mwishowe.

Nikageuza mstari ulionyooka kwangu, nikatafuta mkia wa kulia. Nilikata, nikalegeza, nikavuta. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu. Uzi ukatoka wote. Alisikia mfuko unavyofunguka, akaingiza mkono ndani ya pumba, akazipekua hadi chini kabisa, muda mrefu, kwa umakini ule ule aliokuwa akimkamulia Sikudhani. Hakupata kitu.

"Kumbe ni rahisi hivi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na alikuonyesha."

"Alitaka kunionyesha."

Alivuta pumzi. Nilitegemea anifukuze, au alie. Alipoanza kusema, alisema Kizigua, kisha akakumbuka kwamba sikisikii vizuri akarudia kwa Kiswahili. "Basi tumezika wawili. Mmoja amekufa, mwingine mzima anachekecha pumba."

Akaniambia kesho hatutakwenda ofisi ya kata. Tutakwenda Korogwe, dukani, saa tatu, watu wakiwa wamejaa sokoni. Alilisema mbele za watu, atalirudisha mbele za watu. Na mimi nitasimama pembeni yake niseme langu kwa mdomo wangu, maana yeye hatanisemea. Nikakubali. Nilihisi mwili umekuwa mwepesi kidogo, nikadhani yamekwisha.

Ndipo akaniuliza, "Lakini mwanangu, kabla hajaanza kuumwa, hukuona dalili yoyote?"

Nikajibu, "Sikuona, mama."

Nilijibu haraka hivyo.

Sasa niandike nilichoona. Ilikuwa mwezi wa kwanza, wiki ya shule kufungua. Nilikuwa na sare kumi na nne mezani na wazazi wanapiga simu. Asubuhi nilipompelekea ndoo, Sikudhani alikuwa na uzi pembeni mwa mdomo. Mwekundu na mweupe, urefu wa kidole. Nikaushika, nikauvuta. Ukaja na ute, ukaja tena kidogo, na nikahisi kwamba nyuma yake kuna mwingine umesokotana nao, unavuta kutoka mbali. Kisha ukakatika. Sikudhani akanitazama, akatikisa masikio, akaendelea kula.

Nilijua. Sitasema kwamba sikujua. Nilijifuta mkono kwenye kanga, nikasema moyoni kwamba jioni nitamwambia mama, tumwite mtaalamu. Jioni nilikuwa na sare tisa bado. Kesho yake alikula vizuri, nikasahau, au nikachagua kusahau. Na sikuacha wembe. Hata baada ya kuona uzi ule sikuacha wembe.

Siku tuliyomfukia nilimuuliza mtaalamu, kwa kuzungukazunguka, kama ng'ombe wa namna hiyo akigunduliwa mapema huwa inakuwaje. Alikuwa ananawa mikono. Akasema, "Mapema? Wengine hupasuliwa, nyuzi zikatolewa, wakashonwa, wakapona."

Wakashonwa. Tangu siku hiyo kila nikikaa kwenye cherehani nalisikia neno hilo.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Walisema juu ya mgonjwa anayeficha ya kwake. Mimi nilificha ya mwingine, asiye na mdomo wa kusema, na kifo kikamuumbua mzee wa watu asiyehusika.

Kwa hiyo mama nimempa nusu. Nusu yenyewe ndiyo ile rahisi, kosa la mtu asiyejua. Asiyejua husamehewa, na nimeona usoni mwake kwamba ameshaanza kunisamehe. Kesho atasimama mbele ya Korogwe nzima akimtetea mkwe wake asiyejua. Atasema, "Mtoto hakujua." Namjua. Atasema hivyo, na mimi nitakuwa nimesimama pembeni yake nimevaa gauni nililoshona mwenyewe.

Nimeandika hadi hapa, jua limeshuka, na mama ametoka zizini. Amesikia vidole vyangu kwenye simu. Amesimama mlangoni, ameshika nguzo.

"Unaandika barua?"

"Ndiyo, mama."

"Ya nani?"

Nimetazama zile nyuzi za Mzee Amirali, nimezitundika kwenye msumari juu ya cherehani. Ndefu, hazina fundo.

"Ya kwako," nimemwambia.

Amecheka kidogo, akasema eti naandika barua ya mtu asiyeona. Kisha amevuta kigoda, amekaa mbele yangu, amekunja mikono mapajani. Anangoja nimsomee.

Sitaanza na mvua ya leo. Nitaanza na ule uzi mdomoni.